Pipa, tangi, birika au shimo: maji ya mvua ya bustani uyaweke wapi ukiwa Malindi au Lamu

Mtu wa huku kwetu akitaka kuvuna mvua swali lake la kwanza ni ninunue tangi la lita ngapi, na ukimuuliza bustani yako inakunywa lita ngapi kwa siku anakutizama tu. Mie naona tuanzie hapo kwenye kunywa, manake vyombo viko vingi na kila kimoja kina mtu wake na nyumba yake, pipa linalomtosha mama wa Langoni, Lamu, mwenye makopo ya asumini na mrehani juu ya dari halimfai kabisa mtu wa Ganda, Malindi, mwenye matuta ya bamia na mipapai kumi.

Kwa jua la pwani hii, wakati wa kaskazi, ule upepo wa miezi ya joto, tuta la mboga linataka kama lita 5 kwa kila mita mraba kwa siku. Chukua tuta la mita 2 kwa 5, hiyo ni mita mraba 10, kwa siku lita 50, mitungi miwili na nusu. Sasa pipa la lita 200 hapo ni siku 4 limekwisha. Tangi la lita 1,000 ni siku 20. Na ukishika kwamba kuanzia Januari mpaka mvua zianze tena ni kama siku 90, tuta hilo moja litakunywa lita 4,500. Hapo bado hujafikiria mndimu wala mgomba.

Upande wa kupata, mvua ya milimita 1 ikianguka kwenye paa la mita mraba 1 inakupa lita 1, ndo hesabu yote hiyo, haina mambo mengi. Nyumba ndogo ya mabati yenye paa la mita mraba 50, mvua moja nzuri ya milimita 20 inakushushia lita 1,000, toa zinazoruka nje na zinazobaki kwenye gata, weka 800. Lamu na Malindi kwa mwaka zinapata milimita 900 mpaka 1,100 hivi, kwa hivyo paa hilohilo linaweza kushusha lita elfu 35 na zaidi. Ila usifurahi sana, manake zaidi ya nusu ya mvua hiyo inamwagika Aprili mpaka Juni, Mei ndo mwenyewe, wakati ambao bustani haikutaki hata uisogelee na mtungi. Halafu Julai mpaka Septemba ni manyunyu ya hapa na pale, Oktoba na Novemba ni vuli ambayo miaka mingine inakuja vizuri na miaka mingine inakuja jina tu, na Januari na Februari mbingu nyeupe.

Kwa hivyo mie sipimi chombo kwa lita zilizoandikwa ubavuni, napima kwa kuuliza mvua ya mwisho ya vuli ikishapita hiki kitanivusha mpaka lini? Chombo kidogo kinajaa mara ishirini wakati huna haja nacho, na kinakauka ndani ya wiki wakati una haja nacho. Ukiwa na swali hilo kichwani hivi vyombo vinajipanga vyenyewe.

Mapipa

Pipa la plastiki la lita 200, yale ya bluu, ndo watu wengi wanaanzia hapo na sio vibaya. Unanunua moja leo, lingine ukipata pesa, linapita mlango wowote, mtu mmoja analibingirisha, na ukiwa mpangaji unahama nalo. Ukitoboa chini ukatia koki na ukalipandisha juu ya mabloki ili mtungi au kopo la kumwagilia liingie chini ya koki, ushatengeneza kitu. Unaweza pia kuunganisha mawili matatu kwa paipu kule chini yakawa yanajaa pamoja na kushuka pamoja, gata inaingia kwenye moja tu.

Lakini kabla hujalipa uliza lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula au sharubati unaosha kwa sabuni na maji moto basi, lililobeba dawa za shamba au kemikali ya kiwandani usilichukue hata kwa bure, na kama muuzaji hajui, au anajua lakini anazungukazunguka, nenda kwa mwingine. Na usinunue lililokatwa mdomo wote juu, hilo utalifunika na gunia, gunia litazama, na baada ya wiki unafuga mbu.

Ubaya wa pili ni bei, ndio, bei, ijapokuwa watu wanasema pipa ni rahisi. Piga hesabu wewe mwenyewe kwa bei za mtaani kwenu, mapipa manne matano ya mkono wa pili yanakukaribisha sana kwenye bei ya tangi jipya la lita 1,000, na tangi lina mfuniko wa kufunga na sehemu ya kutokea maji imeshatengenezwa. Pipa moja au mawili sawa. Kutoka matatu kwenda juu unapoteza pesa labda uwe huna njia ya kupitisha kitu kikubwa.

Pale pipa linapong'ara ni miezi ya kusi, Julai mpaka Septemba, mvua inapita usiku robo saa halafu siku tano jua. Pipa linajaa, unalitumia, linajaa tena. Miche ya kitaluni, makopo ya maua, mrehani, pilipili mbili tatu mlangoni, hapo hakuna haja ya kitu kingine.

Tangi la plastiki

Hapa namaanisha yale meusi ya mviringo, kuanzia lita 500 mpaka 10,000. Weusi wake sio urembo, mwanga haupiti ndani kwa hivyo ule ukijani hauoti, na kwa maji yanayokaa miezi miwili mitatu hilo ni jambo kubwa. Lita kwa lita ndo chombo rahisi zaidi ukishavuka 1,000, fundi anakuwekea siku moja, na ukihama unaweza kulichukua.

Kinachowashinda watu sio tangi, ni vitu vitatu pembeni yake. Cha kwanza ni msingi. Lita 1,000 ni tani moja, lita 5,000 ni tani tano, na ardhi yetu hii ya mchanga, Malindi sehemu nyingi na Lamu karibu kote, ikilowa upande mmoja inazama upande huo na tangi linainama, paipu inavunjika pale inapoungana. Tandika mabloki na saruji juu, pasawazishwe kwa pima maji, na uso wa msingi uwe mpana kuliko kitako cha tangi ili kisining'inie.

Cha pili, urefu wa paa. Nyumba zetu nyingi zina paa la chini, ukingo wake uko mita mbili na kitu tu kutoka chini, halafu mtu ananunua tangi refu la lita 3,000, analipandisha juu ya msingi, anagundua mdomo wa tangi uko juu kuliko gata. Maji hayapandi mlima. Pima kwanza kutoka ukingo wa paa mpaka chini, toa msingi, toa mteremko wa gata, kilichobaki ndo urefu wa tangi lako, na kama nafasi ni fupi bora matangi mawili mafupi kuliko moja refu.

Cha tatu ni la watu wa Lamu hasa. Tangi linatoka bara, linafika Mokowe, linavuka kwa boti, linashushwa gatini, halafu? Mji mkongwe hauna gari, ni punda, mikokoteni na mabega ya watu, na vichochoro vya Mkomani vingine ukipanua mikono unagusa kuta zote mbili. Tangi la lita 1,000 lina upana wa zaidi ya mita moja. La 5,000 usiliote kabisa ukiwa ndani ya mji, labda uko Wiyoni au Kashmiri ambako kuna nafasi. Chukua utepe upime kichochoro chembamba kuliko vyote njiani, pamoja na zile kona, ndo uende dukani. Na tangi likishafika liko wapi pa kukaa, ukitaka kuliweka juu ya dari muite fundi anayezijua nyumba za mawe, zile boriti za zamani hazikuwekwa pale kubeba tani ya maji mahali pamoja.

Kuna pia yale matangi meupe ya mraba ya lita 1,000 yenye kizimba cha chuma nje, ya mkono wa pili, siku hizi yanauzwa sana. Ni imara, yanapangika vizuri ukutani, lakini weupe unaingiza mwanga kwa hivyo lazima uyapake rangi nyeusi au uyafunike na gunia zito, na kile kizimba kwa hewa hii ya chumvi kinaoza, ukiwa karibu na ufuo mapema zaidi. Swali la lilibeba nini liko palepale.

Tangi la saruji

Hili ni la fundi kujenga hapohapo, waya wa kuku na nondo nyembamba zimezungushwa halafu saruji inapigwa ndani na nje. Linafaa mwenye kiwanja chake na asiyetarajia kuhama, na kuanzia lita 5,000 kwenda juu linaanza kupambana na plastiki kwa bei, hasa kama mchanga na kokoto viko karibu. Maji yake yanakaa baridi, jua haliliharibu, likipata ufa linazibwa.

Yote yanategemea fundi na mchanga. Usikubali mchanga wa ufuoni, hata kama uko hatua chache kutoka nyumbani na ni wa bure, una chumvi na chumvi inakula chuma ndani ya saruji, nje tangi linaonekana zima na ndani waya umekwisha. Wa Malindi wana mchanga wa mto, wa visiwani wanaulipia boti, na hapo hesabu ya plastiki inarudi juu tena. Pia saruji lazima imwagiwe maji na ifunikwe wiki nzima na zaidi baada ya kupigwa, mafundi wengi wakishalipwa hawarudi kwa hiyo kazi, basi ifanye wewe.

Birika na jabia

Sasa hapa Lamu inatushinda sisi wa Malindi kwa mbali. Nyumba za mawe za zamani zina birika chooni, sio la chai, ni lile tangi la kujengwa la kuwekea maji, na wazee walikuwa wanatia samaki wadogo ndani ili wale viluwiluwi vya mbu, wengine wakapachika bakuli la kichina kwenye sakafu ya birika ili samaki abaki na maji pale yakipungua. Na ukienda visiwa vya juu, Pate, Ndau, Kiwayu, utakuta jabia, uwanja mpana uliosakafiwa unateremka kidogo, mvua ikinyesha maji yote yanakimbilia shimo kubwa lililojengwa chini ya ardhi na kufunikwa. Watu wamekunywa hayo vizazi na vizazi mahali ambapo kisima kikichimbwa kinatoa maji ya chumvi.

Kwa bustani ya nyumbani, jabia ndogo ina faida moja ambayo hakuna tangi inayo, haitaki paa. Mwenye nyumba ya makuti, au mwenye ua mpana uliosakafiwa na kaukuta kadogo pembeni, anavuna kwenye ua. Maji ya ua hayafai kunywa hivihivi, kuku wamepita, watoto wamepita, lakini bamia haijali. Iko chini ya ardhi kwa hivyo inakula nafasi ndogo, maji ni ya baridi, hayapotei kwa jua.

Na hasara zake sio ndogo. Kuchimba na kujenga ni gharama kuliko vyote nilivyotaja, uchote kwa ndoo au ununue pampu, na mfuniko ni suala la uhai, uwe wa zege au chuma, mzito, wenye kufuli, watoto wa ua mzima wanacheza hapo. Usichimbe karibu na shimo la choo, na kama maji ya chini ya ardhi yako karibu, kama sehemu nyingi za ufuoni, chumvi itajipenyeza kwenye ufa wowote. Kuna mtu atakwambia basi fukia tangi la plastiki badala ya kujenga. Mahali maji ya chini yako karibu tangi tupu lililofukiwa linaweza kusukumwa juu wakati wa masika, na yale ya kawaida ya dukani hayakutengenezwa kubanwa na udongo.

Lakini kama nyumba yako ina birika la zamani limekauka, watu wameligeuza pa kutupia viatu na mitungi mibovu, wewe usinunue kitu chochote kwanza. Muite fundi wa chokaa alitazame. Kuziba nyufa za birika lililoko ni pesa kidogo ukilinganisha na tangi jipya, na halihitaji kupita kichochoroni.

Shimo la karatasi nzito

Hili ni la mashambani, Kakuyuni, Hindi, Mpeketoni, shimo la wazi limetandikwa karatasi nzito ya plastiki ya kuzuia maji yasinywewe na ardhi. Ni njia rahisi ya kupata lita elfu 50 na kuendelea. Kwa nyumba ya mjini nasema hapana na sitazunguka. Kwa kaskazi maji ya wazi yanapotea kwa jua na upepo kama milimita 5 au zaidi kwa siku, siku 90 ni karibu nusu mita ya maji imepaa, ambayo kwa shimo dogo la mita moja ni nusu ya ulichoweka. Juu ya hapo linataka uzio, kingo zake zikilowa zinateleza na mtoto au mbuzi akiingia hatoki mwenyewe. Mwenye shamba na nafasi, sawa, weka uzio, weka kivuli ukiweza, tia tilapia.

Ardhi yenyewe

Hiki watu hawakihesabu kama chombo kwa sababu hakiuzwi dukani. Yale maji ya Mei yanayomwagika tangi likishajaa yanaenda wapi? Kwa jirani, njiani, au yanachimba msingi wa nyumba. Chimba mtaro mdogo kutoka paipu ya kumwagikia mpaka kwenye shimo pana la nusu mita kwenda chini, lijaze majani, matawi, makuti yaliyooza, na pembeni zungushia migomba na mipapai. Migomba inakunywa sana na haiogopi maji mengi, mpapai uupandishe kidogo juu ya kingo kwa sababu mizizi yake ikikaa majini inaoza.

Na matuta yafunike. Nyasi kavu, majani ya mgomba, makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa, unene wa vidole vinne hivi. Udongo wa mchanga haushiki maji, kila ndoo ya mbolea ya ng'ombe au majani yaliyooza unayochanganya ni sawa na kununua nafasi kwenye tangi. Mwenye lita 1,000 na matuta yaliyofunikwa anaweza kumshinda mwenye lita 2,000 na udongo ulio uchi juani, na hapo simwambii mtu kwa kubahatisha, tia kidole chini ya nyasi saa nane mchana halafu tia pale pasipofunikwa.

Kwani kisima na bomba vina nini?

Haki ya kuuliza. Malindi maji ya bomba yanatoka Baricho kule mto Sabaki, yakija ni matamu, shida ni bili na zile siku hayaji. Lamu mjini maji mazuri yanatoka kwenye mchanga wa Shela, mvua inazama kwenye yale matuta ya mchanga na kukaa juu ya maji ya chumvi, na wakivuta kupita kiasi chumvi inapanda, kwa hivyo kumwagilia maua kwa maji hayo wakati watu wanayatafuta ya kunywa mie naona sio vizuri.

Visima vya nyumbani vingi huku ni vya chumvichumvi. Mnazi hausemi kitu, mchicha unavumilia, lakini mndimu, mlimau, mwembe na maharagwe vinaungua majani pembeni na kudumaa. Ndo maana kwa mwenye kisima ushauri wangu unabadilika, usitafute tangi la kumwagilia kila kitu, tafuta la kumwagilia wale wasioweza chumvi tu, na kisima kiendelee na minazi. Mvua ya masika yenyewe itaosha chumvi iliyorundikana kwenye udongo.

Paa lako linasemaje

Mabati ndo bora, yanashusha karibu kila tone. Karibu na bahari, kusi ikivuma, chumvi na vumbi vinalala juu ya mabati, kwa hivyo mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache dakika kumi ipite, ndo ugeuze paipu kuelekea tangi. Gata za plastiki zinadumu huku kuliko za bati. Makuti yanatoa maji ya rangi ya chai ambayo bustani inayapokea bila neno, ila makuti yanakunywa mvua ndogo yote na kuweka gata kwenye makuti ni mateso, hapo bora mtaro wa saruji chini, pale matone yanapoangukia. Dari tambarare za Lamu zina matoleo tayari, unaongeza paipu tu.

Mwenye mvinje karibu na nyumba, pole. Vile vijani kama sindano vinapita kwenye wavu wowote wa kawaida na kuziba kila kitu, na kunguru nao wanadondosha mifupa na vitambaa ndani ya gata. Gata isafishwe Machi kabla ya masika na tena Septemba kabla ya vuli. Mkilifi, yaani mwarobaini, una afadhali, majani yake ni makubwa kidogo.

Mbu

Hapa sichekicheki. Mwaka 2004 Lamu iliingiliwa na chikungunya, watu maelfu, karibu kila nyumba, na ulikuwa wakati wa ukame, watu wameweka maji majumbani kwenye vyombo visivyofunikwa na visivyobadilishwa. Yule mbu anayeleta chikungunya na dengi anauma mchana na anapenda hasa maji safi yaliyotulia kwenye chombo cha nyumbani, hahitaji bwawa. Mayai anayabandika ukutani mwa chombo juu kidogo ya maji, yanaweza kukaa makavu miezi, mvua ikija yanaanguliwa. Kwa hivyo kumwaga maji peke yake haitoshi, sugua kuta.

Ukivipanga kwa hili tu, tangi lenye mfuniko wa kufunga na wavu mwembamba kwenye paipu ya kuingilia na ya kumwagikia ndo la kwanza. Jabia iliyofunikwa vizuri inafuata, birika la wazi liwe na samaki, pipa ni la mwisho isipokuwa ukilifunga kitambaa chembamba kwa mpira kuzunguka mdomo wote, na ukilisugua kila wiki. Mtu anayejijua kwamba hatasugua asinunue mapipa.

Mie ningechagua hivi

Mpangaji wa Kisumu Ndogo au Maweni, hapa Malindi, mwenye makopo na kituta kimoja, pipa moja au mawili yenye koki, hakuna zaidi. Mwenye nyumba yake Malindi, mabati, bustani ya mboga ya mita mraba 10, tangi jeusi la lita 2,000 mpaka 3,000 na matuta yaliyofunikwa, na akiwa na pesa ya 5,000 achukue, vuli ikiwa ya kawaida paa la mita mraba 50 litalijaza, kunahitajika milimita 125 tu, na hapo kaskazi nzima tuta linakula. Mwenye 1,000 peke yake apunguze tuta Januari, abaki na bamia na kunde, mchicha usubiri Aprili. Mwenye kiwanja kikubwa ambaye mchanga wa mto uko karibu, saruji. Lamu ndani ya mji mkongwe, birika lako kwanza, halafu mapipa mawili ya dari kwa ajili ya maua, tangi liwe jambo la mwisho. Visiwani na kwenye makuti, jabia ndogo, hata mkichanga ndugu wawili watatu wa ua mmoja.

Sikusahau mpira wa kumwagilia. Ili upate msukumo wa bomba la kawaida tangi lazima liwe juu mita 10 na zaidi, kwa hivyo tangi lililoko nusu mita juu ya ardhi halitarusha maji, litatiririsha tu. Inatosha kwa mtungi, na ukilipandisha mita moja inatosha kwa zile paipu nyembamba za matone zilizotengenezwa kwa ndoo. Mchicha na majani mengine ya kula mabichi mwagia shinani, usimwagie juu ya jani, maji ya paa yameshapita kwa kunguru na mijusi.

Pesa ikiwa kidogo, nunua gata na paipu kwanza mwezi wa nane, mzunguke nyumba nzima, uitege kwenye chombo chochote ulicho nacho. Tangi utaliongeza vuli ikianza kuonyesha nia, gata ikiwa tayari inangoja. Nimeona matangi mengi ya lita 5,000 yaliyounganishwa na mita tatu za gata upande mmoja wa paa, mwenyewe akilalamika kwamba mvua za siku hizi hazijazi.